Upande wa Kushoto wa Anko Gurmit

Kwenye msiba wa Anko Gurmit, mwezi uliopita, Bwana Kassam alisimama mbele ya watu akasema marehemu ndiye kipa pekee kaskazini yote ya London aliyefungwa mabao tisa Jumamosi moja na kubebwa mabegani Jumamosi iliyofuata. Watu wakacheka, wengine huku wanafuta macho. Nami nilicheka, maana msibani ukinyamaza wakati wenzio wanacheka hukosi kutazamwa. Lakini chini ya mtandio vidole vyangu vilikuwa vinahesabu, kama ninavyohesabu kila kitu, mara mbili, na jibu likawa lile lile la mwaka ule. Nimeona niuandike mwaka huo sasa, kabla sijaanza kuusimulia kama Kassam anavyousimulia.

Ya kwetu Mombasa nayaacha, hayahusiki. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mabegi mawili, na chumba cha juu nyumbani kwa Anko Gurmit na Anti Surjit pale Queensbury, chumba kilichopakana na bafu kiasi kwamba nilijua nani anapiga mswaki na nani anajifanya anapiga. Siku ya kwanza nilishusha kodi kwa kuwaonyesha ukuta wenye unyevu. Anti Surjit akakubali kupunguza, halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Sawa. Sasa huo unyevu ni wako. Usikuje kulalamika tena." Hapo nikajua nimekutana na mwalimu. Siku za wiki nilisafisha ofisi Harrow, na Jumapili nilikuwa na meza sokoni, nauza mapazia na vitambaa vya kukata. Jikoni kwao kulikuwa na lugha tatu: mume na mke walisemezana Kipunjabi, mimi nao Kiswahili, na binti yao Jas, wa miaka kumi na sita, alielewa zote mbili na kujibu kwa Kiingereza, kama mtu anayelipa kwa noti za nchi nyingine.

Na kulikuwa na hoki. Wale Wahindi waliotoka Kisumu, Nairobi na Kampala walikuja London na magongo yao kwenye masanduku, na miaka yote wakawa na klabu yao: uwanja wa nyasi bandia nyuma ya shule moja, na chumba cha juu chenye birika kubwa la chai na viti ambavyo havikufanana hata viwili. Anko Gurmit alikuwa mzee wa klabu. Miaka hamsini na miwili, na hakupaswa kuwa golini, ila kipa kijana alivunjika kifundo cha mkono majira ya baridi, naye Anko akashusha pedi zake za zamani za kukinga miguu kutoka dari ya gereji kabla kijana hajafungwa plasta. Anti Surjit alisema mumewe alikuwa akiuombea mkono ule uvunjike tangu vuli. Timu ikamaliza ligi vibaya, na kwa utaratibu wa ligi yao timu mbili za mkiani ziliamua kwa mechi tatu, Jumamosi tatu mfululizo. Wa kwanza kushinda mbili anabaki daraja, mwingine anashuka. Sisi, na timu moja ya kusini mwa mto, vijana warefu waliokunywa maji kwa zamu kama wanajeshi.

Ninachokikumbuka zaidi kabla ya mechi hizo ni kifungua kinywa. Anko alikula mayai na paratha na achari ya embe, kila siku, kiti kile kile. Asubuhi moja akasema, "Mama Jas, leo umeninyima achari?" Jas, bila kuinua macho kwenye simu yake, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ipo hapo hapo, Dad. Na kweli ilikuwepo, upande wa kushoto wa sahani. Anti Surjit, akipita na sufuria, akaigeuza sahani nusu mzunguko, naye akala. Nilidhani ni mambo ya ndoa. Watu wakikaa pamoja miaka thelathini, wana namna zao za kuzungushiana sahani. Nililiona jambo hilo mara tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikahesabu kitu bila kujua nahesabu nini.

Mechi ya kwanza ilikuwa kwetu. Tulikuwa mashabiki arobaini na moja, pamoja na rafiki yangu Njeri, nesi wa Nakuru aliyekuwa akija kutoka Ilford kila Jumamosi. Kanuni za hoki hakuzijua hata moja, ila alijua vizuri kwamba baada ya mechi kuna chakula cha bure. Bao la kwanza liliingia watu bado wanakunja miavuli. La pili, Kassam, mwenye duka la vyombo na mwenyekiti wa kujiteua wa mashabiki, akasema, "Hiyo ni ya upepo." La tatu akasema ni ya refa. La nne akasema, "Wacha, wacha, tunawachosha." Kufika mapumziko yalikuwa matano. Kipindi cha pili yalipoingia la sita na la saba wageni wenyewe waliacha hata kushangilia. Walipeana mikono tu, kama watu wanaosaini karatasi. Upande wetu mtu mmoja alianza kupiga makofi kila mpira ulipotoka nje, ukitoka popote, kwa sababu ilikuwa habari njema pekee iliyopatikana. Mwingine alikuwa amempa mgongo uwanja, anamuuliza mwenzake tisa itaonekanaje gazetini, mwenzake akamwambia gazeti gani, ndugu yangu, nani ataandika. Ukitaka kujua maana ya kutojiweza, simama nje ya mstari ukiwa umevaa koti zuri, unamtazama mtu unayemlia chumvi yake akiinama wavuni kuokota mpira mara ya tisa, na huruhusiwi hata kumwokotea.

Desturi ya klabu ni kwamba mgeni anakula kwanza. Haijalishi amekufanyia nini. Mimi na Anti Surjit tulikuwa tumekaanga sambusa mia na ishirini. Nilizihesabu zikiingia kwenye mafuta, nikazihesabu zikitoka. Wale vijana warefu wakaoga, wakaja na nywele mbichi, wakasema "thank you, this is amazing," wakala huku sisi tumesimama ukutani tumeshika vikombe. Zilibaki thelathini na sita.

"Tisa uwanjani, themanini na nne mezani," Kassam akanong'ona. "Hii ni watu ama ni nzige?"

"Nane uwanjani," mzee mmoja akamrekebisha. "Ile ya sita iligonga mguu, haihesabiki."

"Tisa," nikasema mimi. "Lakini sikiliza, Bwana Kassam. Mechi inanunuliwa kwa bao moja. Hawa wametoa tisa. Nane wametupa bure! Sokoni mteja kama huyo unamwombea arudi kila Jumapili."

Kassam alicheka mpaka akashika meza. Akaenda kulirudia kwa kila mtu, na chumba kilichokuwa kama chumba cha maiti kikaanza kusemezana tena: ni mechi moja tu, hata wangefunga hamsini ingehesabika moja, zimebaki mbili. Kabla wageni hawajaondoka, utani huo ulikuwa wake. Sikumdai.

Yule mzee wa nane akashikilia nane yake. Nikaenda kuchukua kifuniko cha boksi la sambusa, nilipokuwa nimechora mabao kwa kalamu. Mimi siwezi kutazama kitu kinachorudiwa bila kukichora. Na kwa mazoea ya meza yangu ya vitambaa, ninapochora, napanga mafungu: mpira uliopita huku, mstari huku, uliopita kule, mstari kule. Nilikuwa namwonyesha mzee, "Moja, mbili, tatu…" nikaanza tena upya. Bao moja lilikuwa katikati, lilimpita katikati ya miguu. Mengine nane yote yalikuwa fungu moja. Kushoto kwake. Nikainua macho kumtafuta Anko. Alikuwa amekaa na nahodha wa wageni, anampongeza kwa adabu, na sahani yake mapajani ilikuwa imeliwa nusu kana kwamba mtu ameipitishia rula. Kulia hamna kitu. Kushoto sambusa mbili na achari hazijaguswa. Anti Surjit akapita na birika, akaigeuza sahani. "Ah," Anko akasema, "kumbe zimebaki."

Njeri alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, anatafuna. Kifuniko nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa koti.

Siku ya Jumanne, Kassam alikuja nyumbani Anko akiwa kazini, ameleta boksi la peremende za maziwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Rukia, wewe ni mtu wa maneno," akaanza. "Jumamosi lazima kipa mwingine asimame. Hata mtoto wa dada yangu, ni mnene, angalau anaziba. Lakini nani atamwambia? Mimi alinifundisha kushika gongo. Nahodha alimfundisha kushika gongo. Sisi wote hapana weza."

"Na mimi mpangaji nitaweza?"

"Wewe ulishusha kodi ya Surjit. Hakuna mtu amewahi."

Basi Jumatano, niliporudi kutoka Harrow mchana, nikaingia gereji. Anko alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua pedi kwa brashi na sabuni ya vyombo. Nilikuwa na mpango. Sokoni huanzi na bei, unaanza na kasoro ya mali, kwa upole.

"Anko, mabao yalikuwa tisa."

"Nane," akasema, bila kuacha kusugua.

"Tisa. Na nane yamepita upande mmoja." Nikamwonyesha kifuniko. Alikitazama kwa kugeuza kichwa chote, kama ndege. Nikaja upande wa kushoto wake, nikainua mkono. "Vidole vingapi?"

Akageuka. "Usigeuke," nikasema.

"Rukia, mimi si nyanya ya soko, unibonyeze-bonyeze."

"Usigeuke, Anko. Vingapi?"

Brashi ikasimama. Maji ya sabuni yalikuwa yanatiririka sakafuni kuelekea mlangoni, na tukayatazama mpaka yakafika. "Tangu mwezi uliopita," akasema. "Siku moja niliamka na kichwa kinauma, kikapoa. Kisha upande huo ukawa… si giza. Giza ungeliona. Hapo hakuna kitu tu."

"Kesho unakwenda kwa daktari."

"Baada ya mechi ya tatu."

"Kesho."

"Sikiliza, mtoto wangu. Nikienda kesho, wataniambia basi. Hakuna gari, hakuna goli, hakuna kazi. Sawa, mimi si mjinga, itakuwa basi. Lakini nitatoka na tisa mgongoni. Miaka thelathini na mitano nasimama golini, Kisumu na hapa, na nikifa watasema: Gurmit? Yule wa tisa. Nipe mechi mbili."

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kufungua mlango wa jikoni na kumwita Anti Surjit. Lakini alikuwa ameshataja idadi, na mimi, mtu akinitajia idadi, mdomo wangu hujibu kabla yangu.

"Moja," nikasema. "Jumamosi hii, basi. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kwa daktari, nakupeleka mwenyewe. Ufunguo wa gari unanipa sasa hivi, Kassam ataendesha, utasema mgongo unakuuma. Na Jumamosi nasimama nyuma ya goli lako, upande wa kushoto, nikuambie."

Alinitazama kwa jicho zima, akatoa ufunguo mfukoni. "Wewe ungezaliwa Kisumu," akasema, "sote tungefilisika." Tukapeana mikono, wake umejaa povu. Nilitoka gereji ile, Mungu anisamehe, nimefurahi. Alitaka mbili, nimempa moja, na nyongeza nimechukua tatu. Nilijiona nimenunua vizuri. Kassam nikamwambia nimeshindwa, mzee hasikii.

Jumamosi ilikuwa kwao, kusini mwa mto, uwanja mzuri kuliko wetu na chai mbaya kuliko ya popote. Nilisimama nyuma ya wavu, nikapaza sauti dakika zote sabini. "Kushoto, Anko! Kushoto chini! Anakuja, anakuja, sasa!" Kwa Kiswahili, kwa hiyo wale vijana walidhani ni wimbo. Watu wetu nao walidhani ni wimbo. Kufika kipindi cha pili wote waliosafiri walikuwa wamenizunguka wanapiga kelele "Kushoto! Kushoto!" hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, Njeri kwa sauti kuliko wote, naye Anko akiwa anajitupa kule kwa imani tu, mtu mzima, kama mtu anayeruka ukuta ambao hajui ng'ambo kuna nini. Hawakupata hata moja. Nilihesabu mipira kumi na tisa aliyookoa, kumi na miwili kushoto. Sisi tulipata moja, dakika za mwisho, mpira wa hovyo uliogonga magongo matatu, na bao moja, kama nilivyokwisha sema, linatosha kununua mechi. Wakambeba mabegani pamoja na pedi zake zote. Kassam alilia hadharani. Kwenye gari wakati wa kurudi Anko alikaa mbele, akageuza kichwa chote kunitafuta kiti cha nyuma. "Jumatatu," akaniambia, na akatabasamu.

Tulipatana Jumatatu. Jumapili haikuwa kwenye mapatano.

Nilikuwa sokoni, nabishana na mama mmoja juu ya pazia, amebaki pauni mbili kufika bei yangu, Njeri aliponipigia. Alikuwa zamu hospitalini walikompeleka. Anko alianguka bafuni asubuhi, ukuta mmoja na kitanda changu, saa moja baada ya mimi kutoka. Kiharusi, cha pili, kikubwa. Cha kwanza, kidogo, kilimpata mwezi mmoja nyuma, hakuna aliyejua. Nilipofika, Njeri alikuwa ukumbini na sare yake. Nikamwambia yote, sahani, kifuniko, gereji, kwa pumzi moja. Hakunigombeza. Aliuliza tu, taratibu, "Nilikuwa nimesimama karibu na wewe, Rukia. Na sambusa mkononi. Kwa nini hukuniuliza?" Nilimwambia sikujua kwamba ni kitu cha kuuliza. Ilikuwa nusu ya ukweli, na kwa bei ile sikuona haya kuitoa.

Mechi ya tatu alisimama mtoto wa dada yake Kassam, ambaye kweli aliziba, lakini si vya kutosha. Tukashuka daraja. Hakuna aliyejali, na wageni wakala kwanza. Anko alitoka hospitali baada ya miezi mitatu, mkono na mguu wa kushoto havimsikii tena, akaishi miaka mingi katika kiti karibu na dirisha, kiti kimepangwa ili chumba kizima kiwe kulia kwake. Mimi nilihamia Ilford mwishoni mwa mwaka ule, nikapata duka, nikazeeka kidogo. Nilikuwa nikimtembelea. Daktari aliniambia mapema, nilipomuuliza kwa kuzungukazunguka, kwamba pengine dawa zingesaidia, pengine zisingesaidia, hakuna ajuaye. Nimejaribu kuishi ndani ya pengine ile. Ni chumba kidogo. Anko hakutaja gereji kamwe. Alipenda tu nimwulize aliokoa mipira mingapi siku ile, ili ajibu ishirini, nami niseme kumi na tisa.

Tangu wakati huo nimekuwa na hesabu mbili. Toka siku tulipopeana mikono yenye povu mpaka Jumapili, ni siku nne. Lakini kifuniko nilikielewa Jumamosi ile ya tisa, mbele ya sahani, na kutoka hapo ni siku nane. Nikiwa mnyonge natumia nne.

Mwezi uliopita, baada ya maneno ya Kassam, tulikaa chini kwenye zulia refu la gurudwara, hekalu la Masingasinga, vichwa vimefunikwa, vijana wakipita na ndoo za dengu na chapati, wakijaza sahani za chuma. Anti Surjit alikuja kukaa karibu nami, ingawa mfiwa hapaswi kuzunguka. Amekuwa mdogo. Aliitazama sahani yangu, kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sasa nyumbani kwake hana wa kusema naye, "Mimi nilikuwa nageuza."

"Najua, Anti. Nilikuona."

"Mwanzo ilikuwa mkono tu unageuza. Kisha nikajua. Nikasema, acha mechi ziishe, nitampeleka. Angekufa kwa aibu ya kutolewa." Akakunja kipande cha chapati, hakukila. "Nimehesabu. Toka nilipojua mpaka siku ile bafuni. Siku ishirini na mbili. Na wewe?"

Safu ya nyuma Kassam alikuwa anawaeleza vijana, waliozaliwa huku, jinsi wale wa kusini walivyotumia mabao tisa kununua kitu cha bao moja. Wakacheka kwa Kiingereza. Nilikuwa na nne mdomoni, tayari, nimeizoea.

"Nane," nikasema.

Anti Surjit akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei na kuiona ni ya haki. Kisha akanyoosha mkono, akaigeuza sahani yangu, tukaanza kula.